Nani Aliuona Mwaka Wangu?

Hotuba kwa wanawake wa kanisa, ibada ya shukrani ya kufunga mwaka

Bwana Yesu asifiwe! Na tena asifiwe sana.

Mama mchungaji, viongozi wetu, mama zangu, dada zangu, pamoja na wale akina baba wawili waliokuja kufunga vipaza sauti wakakosa pa kutokea, nawasalimu nyote. Nilipoombwa kusimama hapa niliambiwa nizungumze dakika 20 kuhusu mwaka wa mwanamke ambaye hajaolewa. Nikacheka, maana ninavyojua mimi mwaka una siku 365 kwa wenye pete na wasio na pete. Usiku nikakaa kitandani nikauhesabu huo mwaka wenyewe, na kicheko kikaisha.

Zaburi ya 90 inaomba, "Utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Basi nimehesabu. Mwezi wa kwanza kazi yangu ya miaka 11 iliisha. Mwezi wa tatu uchumba wangu ulivunjika. Mwezi wa sita nilifanyiwa upasuaji. Mwezi wa tisa nilihama nyumba. Katikati ya hayo nikatimiza miaka 39. Hizo ni habari tano, na ninyi mnaonijua vizuri, tunaokaa safu moja kila Jumapili, nadhani mlizisikia mbili. Simlaumu mtu. Na mimi sikuzisema.

Habari ya kazi nitaipitia juu juu. Kitengo chetu kilifungwa, tukapewa barua na mwezi mmoja wa kujipanga. Nililia, nikatafuta, na mwezi wa tano nikapata kazi nyingine yenye mshahara mdogo na bosi mpole. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Watu huachishwa kazi kila siku, walioolewa na wasioolewa, na uchungu wake ni ule ule. Mimi niliona tofauti moja tu. Jioni ile nilifungua mlango, nikaweka mkoba mezani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Wametuachisha." Nikalisema hilo neno kwa sauti hata hivyo, nikiwa bado na viatu miguuni. Kesho yake nikampigia rafiki simu. Lakini habari iliyolala usiku mmoja huwa imeshapoa. Unaieleza kwa utaratibu, kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao. Rafiki akasema, "Afadhali umelipokea vizuri." Nikamjibu asante.

Kwenye uchumba nitakaa kidogo, kwa sababu najua wengine wenu ndicho mlichokuja kusikia. (Kicheko.)

Ndugu yule ni mtu mwema na simtaji. Mwaka mmoja na nusu alikuwa ananiita kwa jina langu. Siku ile akaanza na "Dada yangu katika Bwana", nikajua kazi imekwisha. Akasema, "Nimeliombea jambo letu, sina amani nalo." Jamani, mwanamke aliyeokoka hana jibu la maneno hayo. Mtu akikuambia hakupendi, mnaweza kuzungumza. Akikuambia amekosa amani ya Mungu, utabishana na nani? Nikasema, "Sawa kaka, Bwana akutangulie," nikaenda nyumbani nikawaka moto. Bwana amenisamehe yale niliyoyasema nikiosha vyombo usiku ule.

Sikuja hapa kumshitaki. Ninachotaka kusema ni kile kilichofuata, yaani kwamba hakikufuata kitu. Aliyefiwa na mume tunakwenda kwake, tunakaa naye, tunaimba, tunapika. Aliyevunjikiwa uchumba anaambiwa, "Mungu amekuepusha," halafu anapangiwa zamu ya kupokea wageni Jumapili. Nilisimama pale mlangoni nimevaa beji, natabasamu, nasalimia familia zikiingia nne nne, tano tano.

Wiki hiyo nilifungua Waamuzi sura ya 11. Sikuwa natafuta faraja, nilikuwa nafuata ratiba ya kusoma Biblia kwa mwaka, na ratiba haimhurumii mtu. Mnaijua habari ya Yeftha na nadhiri yake ya haraka, ya kumtolea Mungu sadaka ya kwanza kutoka mlangoni kumlaki, na binti yake wa pekee aliyetoka kumpokea kwa matari na kucheza. Ni habari ngumu na sina dakika za kuingia kwenye ugumu wake. Ila tazameni ombi la yule binti. Aliomba miezi miwili aende milimani akaulilie ubikira wake, yeye na wenzake. Yeye na wenzake! Baba yake akamwambia, nenda. Na sura inafungwa kwa kusema kwamba binti za Israeli walikuwa wakienda mwaka kwa mwaka, siku nne kila mwaka, kwa ajili yake.

Maandiko hayakututajia hata jina lake. Lakini yametuambia alikwenda na nani, alikaa muda gani, na wanawake walitenga siku ngapi kila mwaka ili habari yake isipotee. Nimekaa kanisani tangu utotoni na sijawahi kusikia mahubiri kwenye mistari hiyo. Ya Boazi, yule aliyemwoa Ruthu, nimesikia, mengi hadi nimepoteza hesabu. "Subiri Boazi wako." Mimi naipenda sana habari ya Ruthu, ila naomba mkumbuke kwamba maneno yale matamu, "Wewe uendako nitakwenda, na wewe ukaapo nitakaa," hakuambiwa Boazi. Yalisemwa njiani, na mjane Ruthu akimwambia mjane mwenzake, mama mkwe wake Naomi, kabla Boazi hajatokea kabisa.

Sasa upasuaji.

Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ule unaoitwa faibroidi. Nausema wazi kwa sababu humu ndani tuko wengi tunaoubeba kimyakimya. Si saratani. Wanawake wengi wa miaka ya 30 na 40 wanao, na wengine hawajui kwa kuwa hauwasumbui. Wangu ulinisumbua: hedhi nzito, damu ikapungua mwilini, ngazi za ofisini zikawa mlima. Daktari akanieleza njia mbili, kutoa uvimbe na kukiacha kizazi, au kukitoa kizazi chenyewe. Akasema atajitahidi kukiacha, ila damu ikizidi kutoka wakati wa upasuaji hatakuwa na la kuchagua, na nisaini kwamba nimeelewa.

Jumatano ya kabla ya hapo nilikwenda kwenye kikundi cha maombi. Nikasema, naombeni mniombee, napasuliwa Jumatatu. Wakanizunguka, wakaweka mikono, tukaanza vizuri kabisa. Dada mmoja akaomba kwa ajili ya madaktari. Mwingine akaomba kwa ajili ya damu. Wa tatu akaingia na moto, "Bwana, umtunzie kizazi chake kwa ajili ya mume uliyemwandalia!" Hapo maombi yakageuza njia, hayakurudi tena. Dakika 15 wakamtafuta huyo mume mashariki na magharibi, wakamfungua vifungo, wakamwita atoke alipo. Nilikwenda na uvimbe, nikarudi nimeombewa mume. (Kicheko.) Nacheka na ninyi sasa. Usiku ule sikucheka.

Na mtaniuliza, je, kizazi kilibaki? Ndilo swali la kwanza nililoulizwa na karibu kila mtu, hata kabla ya "Unaendeleaje?" Sitalijibu hapa. Nimelijibu mbele za Mungu, inatosha.

Jumatatu asubuhi nikawa mapokezi na mkoba wangu mdogo. Muuguzi ananijazia fomu. Jina, umri, dini, hali ya ndoa, tukazipita upesi. Tukafika kwenye mstari ulioandikwa "Ndugu wa karibu". Nikamtaja mama yangu. Akaniuliza mama anakaa wapi. Nikamwambia ni mbali, ni mwendo wa siku nzima, ana miaka 76, na simu yake mara nyingi imezimwa. Akasema, kwa upole kabisa, "Namaanisha mtu wa hapa, dada. Atakayekuja leo tukimpigia." Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Nyuma yangu watu wanasubiri. Nikatoa simu nikaanza kupekua majina. Nina majina zaidi ya 400 kwenye simu. Nilikuwa nayapita kwa kidole nikiwaza: huyu ana watoto wadogo, huyu yuko kazini, huyu hatujazungumza tangu Pasaka, huyu atashtuka kwa nini nimempigia yeye.

Kidole kikasimama kwenye "Mama Viti".

Mnamfahamu. Ndiye anayepanga viti humu kila Jumamosi jioni. Nimeomba naye Jumatano kwa miaka sita, na kwenye simu yangu hakuwa na jina zaidi ya hilo. Nikampigia pale pale. "Mama, samahani, niko hospitali, wanataka jina la mtu wa karibu. Jina lako kamili ni nani?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Andika Mama Viti. Nakuja." Akakata simu.

Muuguzi aliandika hivyo hivyo. Kwenye nafasi ya uhusiano aliniangalia, nikamwangalia, akaiacha wazi.

Nilipozinduka alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevua viatu, anasinzia na Biblia mapajani. Niliambiwa nisinyanyue kitu kizito kwa wiki sita. Mtu anayeishi peke yake akiambiwa hivyo ndipo anagundua nyumba yake imejaa vitu vizito. Godoro ni zito ukitaka kutandika. Mlango wenyewe ukiwa umekaza ni mzito. Mama Viti alikuja Jumanne na Ijumaa kwa wiki zote sita. Hakuwa na maneno mengi. Alibadilisha mashuka, akanitazama kidonda, akaniuliza nimelalaje. Ijumaa ya tatu nikamwambia habari ya uchumba. Ijumaa ya nne, habari ya kazi, kuanzia jioni ile ya mkoba mezani. Akauliza, "Na ulikula?" Miezi mitano ilikuwa imepita, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kama usiku ule nilikula. Sikuwa nimekula.

Kitandani pale nilisoma habari za Mary Slessor, mmisionari Mskoti aliyefanya kazi Calabar, nchi ambayo leo ni Nigeria. Alizaliwa 1848, akafariki 1915, hakuolewa. Alikuwa na mchumba, mmisionari mwenzake, lakini bodi ya misheni haikukubali huyo mwanamume ahamie eneo la Okoyong alikokuwa yeye, naye hakuwa tayari kuliacha. Mambo yakaishia hapo. Mnaweza kuelewa kwa nini niliufunga ukurasa huo kwa dakika kadhaa. Tumezoea kumsimulia kama shujaa aliyesimama peke yake, na mahubiri hutuambia sisi tusioolewa, "Iga mfano huo, wewe na Mungu mnatosha." Someni tena. Nyumba ya yule mama ilijaa watoto. Mapacha waliotupwa kwa mila za wakati ule aliwaokota na kuwalea, na binti wa kwanza kati yao, Janie, akakua akiwa mkono wake wa kulia. Peke yake wapi?

Na mtume Paulo je? Tunapenda kumnukuu kwenye 1 Wakorintho 7 kwamba mwanamke asiyeolewa hujishughulisha na mambo ya Bwana. Nimesomewa mstari huo mara nyingi, na karibu kila mara uliambatana na ratiba. "Wewe dada huna majukumu, tusaidie Shule ya Jumapili, kwaya, usafi na hesabu." Wapendwa, naomba niseme kwa heshima: mtu anayeishi peke yake hana muda mwingi. Anapanga foleni zote mwenyewe, anasubiri fundi mwenyewe, anaugua na kujiuguza mwenyewe. Paulo hakuwa anagawa zamu. Na huyo huyo Paulo ambaye hakuwa na mke, nendeni Warumi 16 mkaone. Anataja kwa majina watu zaidi ya 20. Anamtanguliza Fibi na kusema amekuwa msaidizi wa watu wengi, "na wangu mimi pia." Kisha kwenye mstari wa 13 anatuma salamu kwa Rufo, "na mamaye, aliye mama yangu pia."

Mstari mfupi, tunaupita kama orodha ya mahudhurio. Nimekaa nao miezi mitatu. Mtume mzima, mtu wa safari na vifungo na mijeledi, na mahali fulani kulikuwa na mama wa mtu mwingine aliyemlea hadi akamwita mama. Hatujui alimfanyia nini. Mimi nahisi alimuuliza kama amekula.

Kuna neno jingine nataka kuligusa, nalo nalisema nikijua litawakwaza wengine. Tunaambiwa, "Yesu ndiye mume wako." Linatoka Isaya 54, "Muumba wako ni mume wako," na ni neno zuri, nimelilalia usiku mwingi. Lakini nabii alikuwa anasema na taifa zima lililovunjika, anawaambia Mungu hajawaacha. Hakulitoa ili kanisa lipate sababu ya kutonifuata hospitali. Bwana alikuwa nami chumba cha upasuaji, nalishuhudia hilo bila kusita. Na siku ya kuruhusiwa, Bwana huyo huyo alimtuma Mama Viti na teksi.

Nami nina la kuungama. Mwaka juzi dada mmoja wa kwaya alipoteza kazi. Nilisikia mlangoni, watu wakitoka ibada, nikasema "Pole sana, Mungu ni mwema," nikakimbilia usafiri. Anaishi mitaa miwili kutoka kwangu. Sikwenda. Nilijiambia ana watu wake. Yeye naye hajaolewa, na nilijua kabisa kwamba huo "watu wake" nilikuwa nauwazia tu ili niende zangu. Hivyo ninapouliza nani aliuona mwaka wangu, kuna mtu humu ndani anaweza kuniuliza mimi vile vile, na nilikwenda kumwomba radhi mwezi wa nane, bado natembea polepole kwa sababu ya mshono. Alinifungulia mlango, akanitazama tumbo, akasema, "Ulipasuliwa?" Hakuwa amejua.

Kuhama nyumba hakuna hadithi kubwa. Walikuja watu wanne, na kabati likakwama kwenye kona ya ngazi, likakaa pale saa nzima huku kila mtu akitoa amri na hakuna anayesukuma. Nilikuwa nimeketi ngazi ya juu, nimekatazwa kugusa, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi mwaka mzima. Methali inasema, "Afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali." Ufunguo wa pili wa nyumba ile uko kwa dada wa kwaya. Wa tatu mnajua uko kwa nani.

Mwezi uliopita nilirudi hospitali kwa uchunguzi, wakaniwekea fomu mpya mbele. Safari hii nilikuwa najua jina lake kamili, majina matatu yote, na herufi moja katikati ambayo kila mtu huikosea. Kwenye uhusiano niliandika mwenyewe. Muuguzi hakuuliza.

Nimebakiwa na dakika mbili, mama mchungaji ananionyesha saa. Nina ombi moja. Chini ya kila kiti kuna kadi nyeupe. Naomba uiokote, umgeukie aliye karibu nawe, awe ameolewa, hajaolewa, ni mjane au ameachika, umuulize jina lake kamili. Jina kamili, jamani, msiniandikie "Mama Fulani". Halafu namba ya simu anayoipokea usiku, na nyumba yake iko wapi hasa, kiasi cha kufika gizani. Akishakuambia, muulize swali moja la mwaka huu: ni jambo gani lilikupata ambalo hatukulijua? Msikilize hadi amalize. Usimwombee kwanza. Msikilize tu.

Kalamu zimepungua kidogo. Nyingine anazo Mama Viti, yuko kule nyuma karibu na mlango, na kama kawaida yake, yeye mwenyewe hajakaa. Mmoja wenu amwachie nafasi.